Uainishaji wa Majaribio ya Usumakuumeme kwa Namna Yanavyogoma

Wataalamu huainisha majaribio kwa kanuni au kwa gharama. Sisi tunayaainisha kwa kugoma, maana jaribio, kama mtu, hujulikana tabia siku linapokataa kazi. Vifaa ni vya shule yoyote isiyo na maabara: msumari wa inchi nne, waya wa shaba kutoka kwa fundi wa kusuka mota, betri ya tochi na pini.

Jamii ya kwanza: Yanayogoma kimya. Mwalimu kauzungushia msumari waya mizunguko 50, kaunga betri, na pini hazina habari. Darasa linanyamaza kwa adabu inayoudhi. Chanzo: waya wa mota hupakwa vanishi, nayo haipitishi umeme. Tiba: kukwangua ncha zote mbili kwa wembe mpaka shaba ing'ae.

Jamii ya pili: Yanayogoma kwa hasira. Haya huzuka mara tu tiba ya kwanza inapokubali. Waya mfupi, ukinzani mdogo, mkondo mkubwa. Aliyeshika ncha anaziachia: "Mwalimu, inaunguza!" Betri nayo inakata roho mapema. Tiba: ongeza waya, na usiunge muda mrefu.

Jamii ya tatu: Yasiyojua kuacha. "Nikikata umeme, pini zitaanguka," mwalimu anatangaza. Anakata. Pini tatu zinaning'inia, zikimtazama. Chuma kigumu hung'ang'ania usumaku. Chuma laini huuachia. Tiba: msumari uchomwe mpaka uwe mwekundu, kisha upoe polepole majivuni.

Jamii ya nne: Yanayofaulu bila mashahidi. Sindano iliyosuguliwa kwa sumaku ya spika mbovu inaelea juu ya jani ndani ya bakuli. Waya wenye mkondo ukipitishwa juu yake, inageuka. Safu ya mbele imeona. Waliobaki wanaandika walichoambiwa. Jamii hii ina ukoo mkubwa: Hans Christian Ørsted alipolionyesha jambo hilohilo Copenhagen mwaka 1820, sindano ilitikisika kidogo tu, na wasikilizaji hawakushtuka.

Hitimisho. Msumari uliogoma mara tatu umefundisha vihami, ukinzani na tofauti ya chuma laini na kigumu, yote ndani ya dakika 40. Ungekubali mara ya kwanza, ungefundisha kuokota pini. Gharama ya ziada ni wembe mmoja. Tumeipekua fomu ya kuombea vifaa: wembe haumo. Mwalimu huutoa mfukoni.