Buddha, Mbu na Mimi

Anayesema kuketi kimya ni kazi rahisi hajawahi kuketi kimya Dar es Salaam saa moja jioni, mwezi wa nne, masika yakiwa yameshajaza madimbwi nyuma ya nyumba.

Kutafakari nilifundishwa kwenye hekalu la Wabuddha lililopo Upanga, lililoanzishwa na Wasinhala waliotoka Ceylon, Sri Lanka ya leo, enzi za Waingereza. Mtawa mwenye vazi la rangi ya machungwa alinielekeza kwa upole: nyoosha mgongo, fumba macho, fuata pumzi inavyoingia na kutoka. Wazo likija, liache lipite. Mguu ukiwasha, usiukune. Tazama muwasho unavyozaliwa, unavyokua na unavyokufa. Pale hekaluni nilitulia mpaka nikajiona nusu malaika.

Shughuli ilikuwa nyumbani. Nilikunja miguu sebuleni, nikafumba macho. Jirani akafungulia singeli, nikaiacha ipite. Mama wa vitumbua akabisha hodi kudai chake. Deni nikaliacha lipite, ila mwenyewe akagoma kupita. Mara umeme wa LUKU ukaisha, feni ikasimama, mbu wakaingia kazini.

Mmoja alikuja kuniimbia sikioni. Katika kanuni 5 wanazoshika Wabuddha wa kawaida, ya kwanza ni kujiepusha na kuua kiumbe chenye uhai. Chochote, hata huyu! Tena anayeuma ni jike, anatafuta damu ya kukuzia mayai yake, basi nikajikaza kumhurumia kama mzazi mwenzangu. Akatua kwenye paji la uso. Muwasho ukazaliwa. Ukakua. Ulipokaribia kufa, nikazabwa kofi lililonionyesha nyota.

"Pole, Baba Asha," mke wangu alisema, tochi ya simu mkononi. "Nimeua mimi, dhambi ni yangu. Wewe endelea na amani yako."

Mwenzake yule mbu hakuwahiwa. Baada ya majuma kadhaa nilikuwa kitandani natetemeka. Muwasho hupita, sikatai. Malaria haiondoki bila dawa ya mseto.

Nilipopona nikarudi Upanga kumshitaki Buddha kwa mtawa wake: hivi mwalimu wenu aliwahi kuumwa na mbu kweli? Mtawa akacheka sana. Buddha alifundisha kwenye bonde la Mto Ganges, kwenye mvua na mbu tele. Ni kweli aliwataka wafuasi wake wavumilie jua, upepo na mbu. Lakini watawa walipolalamika kwamba mbu wanawasumbua, aliwaruhusu kutumia chandarua, na ruhusa hiyo imo katika Vinaya, kanuni zao za utawa, hadi leo.

Basi, ndugu msomaji, ukiamua kutafuta utulivu, achilia hasira, achilia wivu, achilia hata pesa unayomdai shemeji yako. Mama wa vitumbua mlipe. LUKU nunua mapema. Na chandarua kichomeke vizuri chini ya godoro, ukunjie miguu humohumo ndani.