Namna ya Kuichenga Arubaini Bibi Asijue

Umejifungua salama, mwanangu, alhamdulillahi. Sasa umelala chumba cha ndani, umejitanda leso, na huko nje unawasikia mama mkwe na mawifi wakizipanga siku zako arubaini bila kukuuliza. Usibishane nao. Mzazi mwenye kubisha huchoka siku ya tatu, wao hawachoki. Itikia kila neno, kisha chagua. Fuata haya.

1. Usitoke. Wengi hudhani kuichenga arubaini ni kuwahi kurudi jikoni ili wasifiwe kwa nguvu zao. Hapo umejiibia mwenyewe. Ni lini tena mwanamke wa Amu atalala mpaka saa nne asubuhi asiitwe mvivu? Wazee waliijengea shughuli hii mahali pake: katika majumba ya mawe ya mtaa wa Mkomani, nyuma ya chumba cha ndani, kuna chumba kiitwacho nyumba ya kati. Humo alilazwa mzazi, na humo humo alioshwa maiti. Waliojenga walijua mambo hayo mawili yanavyokaribiana. Basi kaa. Ukisikia sufuria zinagongana, fumba macho.

2. Mai ya moto. Bibi atakuja kukukanda asubuhi na jioni, na mkono wake umezoea moto. Mwambie kwa upole, "Bibi, jaribu kwanza kwenye kiwiko chako, ngozi yangu siku hizi nyembamba." Atafurahi kuombwa utaalamu wake. Kama umeshonwa, sema muuguzi amekataza maji ya moto hapo. Muuguzi hayupo, Bibi hana wa kubishana naye. Lakini mgongo na mabega mwachie. Mikono ile inajua kazi, usiipoteze bure.

3. Mkaja, kitambaa cha kufunga tumbo. Unakitaka kiuno chako cha zamani, nakujua, na kukitaka si kosa. Ila mkaja uliokazwa hadi ukakata pumzi haukirudishi upesi. Unakandamiza kibofu na nyonga ambazo bado zimelegea. Anapofunga, vuta pumzi ujaze tumbo. Akishapiga fundo, itoe. Umebaki na nafasi ya kiganja, naye ameridhika. Aliyepasuliwa asifungwe kabla daktari hajauona mshono.

4. Chakula. Hapa usichenge hata kijiko. Uji wa pilipili manga, mchuzi wa kuku wa kienyeji, tangawizi, uwatu: kula, omba tena. Umepoteza damu na unanyonyesha. Kule Moroko mzazi hupikiwa rfissa, kuku kwa dengu na uwatu juu ya mkate uliochanwachanwa. Wanawake hao hawajawahi kukutana na bibi yako, na wamekubaliana naye. Ukiambiwa maji yatakutia baridi tumboni, kunywa ya uvuguvugu, lakini kunywa mengi.

5. Zawadi za mtoto. Utaletewa asali ya kumlambisha, wanja wa kusaga wa kumtia machoni, na unga wa dawa wa kitovu. Pokea kwa mikono miwili, shukuru, kisha ficha kidakani nyuma ya chupa ya marashi. Asali ni hatari kwa mtoto asiyetimiza mwaka. Wanja ule mara nyingi huwa na madini ya risasi. Kitovu kinataka ukavu na usafi. Kama kuna dawa ya kupaka, ni ile uliyopewa kliniki. Mgeni akirudi na kuuliza, mwambie, "Mashallah, tumeihifadhi vizuri." Hukusema uongo. Chetezo cha udi kiweke ukumbini: fukiza nguo na nywele zako huko, kisha ndipo umshike mtoto. Utanukia wewe, na mapafu yake yatapumua.

6. Hesabu. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, nifasi, damu ya uzazi, kwa kawaida ni siku 40 na haizidi 60, lakini damu ikikatika siku ya 20 unaoga na kuswali siku hiyo. Liseme wazi, wasije wakakwambia kwamba ukiweza kuswali unaweza kuchota maji. Swala imerudi. Ndoo bado.

7. Siku ya kuvunja yote. Damu ikijaza pedi ndani ya saa moja, ukapata homa, kichwa kikauma hadi macho yakaingia kiwi, mguu ukavimba upande mmoja, ukasikia harufu mbaya, au ukaanza kuona heri usingekuwapo: hapo hakuna bibi, hakuna mume, hakuna aibu ya kuonwa njiani. Nenda hospitali. Wewe uliye Faza au Kizingitini, sema mapema, maana boti hungoja maji yajae, na damu haingoji. Wataalamu wa afya duniani huhesabu kifo cha uzazi hadi siku 42 baada ya kujifungua. Wametofautiana na bibi yako kwa siku mbili tu.

8. Siku ya mwisho utaoshwa, utatiwa hina, utavishwa upya. Jitazame kiooni kadiri upendavyo. Na ule mkaja usiutupe. Kama uliyemzaa ni binti, siku atakapoposwa bwana harusi ataleta, pamoja na mahari, fedha iitwayo mkaja. Fedha hiyo ni ya mama.