Ikulu kwa Bei ya Gari Kuukuu

Wanaomcheka Mwingereza aliyenunua nyumba Veliko Tarnovo kwa kutazama picha tu, wivu unawasumbua. Mji ule ulikuwa makao ya wafalme wa Bulgaria tangu 1185 hadi Waturuki walipouteka mwaka 1393. Nani hataki ujirani na wafalme? Paa limetoboka, sawa. Sehemu kubwa ya ngome ya Tsarevets haina paa kabisa, na watalii hulipa kiingilio. Choo cha nje kinaning'inia juu ya Mto Yantra: hoteli gani ina mandhari hayo? Hati imesainiwa na warithi wote, isipokuwa wawili watatu walioko Ujerumani, nao ni ndugu, hawana neno.

Enzi za kabla ya 2012 zilikuwa tamu zaidi. Mgeni asiyeishi kule alilazimika kufungua kampuni ndipo amiliki kiwanja, wastaafu wakapata ukurugenzi walioukosa kazini maisha yao yote.

Na muuzaji ni mkweli jamani. Alipoulizwa kama kuta ni imara, alitikisa kichwa juu na chini, ishara ambayo kwa Wabulgaria ni hapana.