Ndago Apewe Haki Yake

Nina mashina kumi na mawili ya waridi mbele ya baraza. Nimeyanunulia samadi, nimeyapogoa, nimeyafukuzia vidukari kwa maji ya sabuni, na bado yamenuna kama wageni waliokosa pilau. Basi mwaka huu sifa zangu nampa mwingine, ambaye sijawahi kumpa hata kata moja ya maji: ndago.

Asiyemjua (na sijui anaishi wapi) amtambue kwa shina. Lizungushe kati ya vidole: lina kona tatu, si mviringo kama la nyasi. Juu ana kishada cha rangi ya kahawia. Hazina yake imo chini, ndiyo vile vijiazi vyeusi vyenye harufu nzuri, vilivyofungamana kwa vijinyuzi kama tasbihi.

Cheo chake hakukipata kwa kujuana na wakubwa. Mwaka 1977 LeRoy Holm na wenzake walitoa kitabu juu ya magugu mabaya kuliko yote duniani, na wa kwanza akawa ndago. Wa pili alikuwa ukoka, huu huu tunaoupanda kwa fedha zetu ili nyumba ipendeze.

Na ni mtu wa adabu. Kwangu hakuvunja ua wala kupenya usiku. Alikuja mchana kwa lori, nauli nimelipa mimi, ndani ya udongo mweusi nilioambiwa una rutuba isiyo na kifani. Masika yalipopiga, mwezi Machi, waridi hata jicho halijafumbua, tuta zima lilikuwa limeota ndago. Nikampigia simu muuzaji. Akanijibu kwamba hiyo ndiyo dalili ya udongo mzuri, na mpaka leo sijapata la kumrudishia.

Nikashika jembe. Hapo ndipo nilipomjua ndago ni nani. Katika ule mnyororo, kijiazi kilichotangulia kuchipua huwazuia wenzake. Wao hulala wakimngoja mkubwa wao. Jembe likikata mnyororo, hakuna tena mkubwa wala mdogo. Kila kijiazi hudai urithi wake na kutoa jani, mfano wa ndugu waliofiwa na baba mwenye viwanja. Palizi yangu ya Jumamosi ilikuwa safi kiasi kwamba jirani alisimama kuisifu. Wiki iliyofuata palipokuwa na ndago mmoja palikuwa na ukoo. Nikalima tena, kwa hasira, yaani nikapanda tena. Hakuna zao ambalo nimewahi kulihudumia kwa bidii hivyo, na hakuna lililowahi kunilipa vizuri hivyo.

Nikatandika nailoni nyeusi. Akaitoboa kwa ncha yake kama sindano ya kushonea magunia. Nikanunua dawa ya magugu: majani yakakauka, vijiazi vilivyokuwa usingizini havikupata habari, na waridi mawili yaliyopeperushiwa dawa yakatangulia mbele ya haki.

Wanaosema hana faida wasafiri hadi Al Khiday, Sudan, kando ya Nile Nyeupe. Mwaka 2014 watafiti walieleza walichokikuta katika ukoga ulioganda kwenye meno ya watu wa kale waliozikwa pale: watu wale walikuwa wakila ndago. Meno yao yalikuwa na matundu machache, na watafiti wakasema huenda ndago alisaidia, kwa kuwa ana uwezo wa kudhoofisha bakteria wanaotoboa meno. Nami nimetafuna kijiazi kimoja. Ni kichungu, ila tangu jana sijatobokwa na jino lolote.

Msifiaji mkweli hafichi ila za anayemsifu. Ndago hapendi kivuli: maua yakisongamana na kufunika udongo, hunyong'onyea. Hapendi pia kuanikwa. Januari na Februari, kabla ya mvua, acha kumwagilia tuta, lichimbue kwa uma badala ya jembe, uokote vijiazi, na utakavyovikosa vibaki juu vikipigwa na jua wiki mbili au zaidi. Vikikauka kweli hufa. Na udongo wa kununua, kabla lori halijamwaga, omba ndoo moja, imwagilie wiki mbili, uone kinachochungulia. Nasema haya kwa shingo upande, maana ni siri za nyumbani kwake, na mimi mwenyewe nilizijua nikiwa nimeshalipa lori.

Kama kwako bado hajafika, karibu kwangu uchukue mbegu. Sitozi kitu, na jembe nitakuazima.