Mpangaji Hewa wa South C

Serikali ina wafanyakazi hewa, mwenye nyumba wangu ana mpangaji hewa. Hana jina wala sura, lakini kila mkataba wangu ukikaribia kuisha, yeye hupiga simu. "Juzi amenipigia Msomali mmoja kutoka Eastleigh," mzee huniambia, huku akikagua ukuta ambao hajaupaka rangi tangu nihamie. "Anatoa elfu hamsini na tano. Tena ya miezi sita mbele. Lakini wewe ni kijana wangu, nipe hamsini."

Na mimi kijana wake, mwenye mvi na watoto watatu, nalipa.

Sisemi kwamba huyo mpangaji hewa hana jamaa walio hai. Wako, na South C nzima, hapa Nairobi, inawajua. Nilipohamia hapa mtaa ulikuwa karibu wote wa nyumba za chini, kila moja na ua wake, mparachichi wake na mbwa wake mkali. Siku hizi ukienda mashambani Krismasi, ukirudi unakuta nyumba ya jirani imekuwa shimo, na hujakaa sana shimo limekuwa jengo la ghorofa kumi lenye lifti, kisima chake na bango la vyumba vitatu vinauzwa. Jua langu la asubuhi lilizibwa na jengo la kwanza, la jioni likazibwa na la pili. Nguo zangu sasa hukaukia kwenye balkoni kwa upepo na maombi.

Chanzo cha mageuzi hayo, na cha jamaa hao wa mpangaji hewa, kiko Eastleigh. Wasomali wameishi kule tangu enzi za mkoloni, lakini Siad Barre alipoangushwa Januari 1991 mtaa ulifurika wakimbizi. Waliofikia katika nyumba ya wageni ya Garissa Lodge walikuwa na vyumba na bidhaa, hawakuwa na maduka. Basi wakapanga nguo na vitambaa vitandani, mteja anabisha hodi, anaingia chumbani, ananunua. Punde loji yenyewe ikageuka soko, vitanda vikatolewa. Majengo ya maduka yakaota kotekote First Avenue, wakati barabara yenyewe ingali tope la kumeza kiatu. Nawakumbuka watu wakishuka matatu namba 6, viatu mkononi, suruali imekunjwa, wanakwenda kulipa kilemba cha kibanda kisichoenea kabati. Kilemba hicho hulipwa kabla ya kodi, na kikishaingia mfuko wa mwenye jengo hakirudi.

Mtaa ukijaa, watu humwagika. Walimwagikia Pangani, kisha wakavuka mji hadi kwetu. Na anayehama Eastleigh hatafuti nyumba tu. Anataka msikiti wa kufika kwa miguu, madrasa ya watoto, bucha analoliamini, na shangazi mlango wa pili. Runda, kwa matajiri, hakuna shangazi. Kwa hiyo wote wanagombea mitaa ileile michache, na hapo ndipo bei inapoota miguu. Ongeza familia ya watu wanane inayotaka vyumba vitatu, ndugu aliyeko Minneapolis anayetuma chochote kila mwezi, na hagbadi, ule mchezo wa akina mama wa kupokezana fedha ambao mama zetu huuita chama, ila wao hawaishii kununuliana sufuria. Riba ni haramu, hivyo wanaonunua hununua kwa fedha taslimu au kupitia benki za Kiislamu.

Sisi ambao dini haitukatazi riba, mshahara unatukatazia. Nchi yenye watu zaidi ya milioni 50 ina mikopo ya nyumba takriban 30,000 tu. Mimi niliomba, nikajibiwa kwa barua yenye adabu sana. Basi wakitokea watu wawili mlangoni pa nyumba moja, mmoja na fedha mkononi, mwingine na maneno ya "nasubiri mkopo wa Sacco upite", sihitaji kukuambia nani atapewa funguo. Ningekuwa mwenye nyumba, hata mimi ningejinyima.

Lakini hesabu haina utamu wa lawama. Bingwa wa lawama hapa kwetu ni mzee mmoja aliyekuwa jirani yangu, ambaye tukikutana kwenye harambee hutikisa kichwa na kusema, "Hawa watu wametumaliza, mtaa wetu umekwisha." Mtaa aliumaliza yeye. Nyumba yake, ile yenye mparachichi mkubwa kuliko yote, aliiuza kwa bei aliyoitaja mwenyewe, kisha akaipandisha papo hapo kwa kuwa mnunuzi hakushtuka. Fedha zile amejengea Kitengela, ambako wenyeji wa Kimaasai nao wanalalamika kwamba watu wa Nairobi wamepandisha bei ya ploti. Hilo ukimwambia, anauliza chai imefika wapi.

Halafu hata huo ugeni wenyewe ni wa kuuliza mara mbili. Wengi wa hawa "wageni" wana kitambulisho cha Kenya kama changu. Ni watu wa Garissa, Wajir na Mandera, au wamezaliwa hapahapa mjini, Pumwani. Asiye raia hasa, Katiba ya 2010 inamruhusu kumiliki ardhi kwa kukodishiwa tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Anayetajwa kunitoa nyumbani pengine amezaliwa mji huu kabla yangu.

Aprili 2014, serikali ilipofanya msako wa kiusalama Eastleigh na kuwarundika watu katika uwanja wa Kasarani, maduka yalifungwa na familia zikahama. Nilidhani safari hii mwenye nyumba wangu atanyamaza, kwa aibu kama si kwa huruma. Wapi! Alikuja na uso wa msiba: "Si unaona wanavyohangaika? Sasa wote wanakimbilia huku. Itabidi tuangalie kodi." Wakija, kodi inapanda. Wakifukuzwa, inapanda.

Juzi nilimkuta mama jirani Msomali wa mlango wa pili kwenye ngazi, lifti ikiwa kwenye mgomo wake wa kawaida, amebeba marobota ya mapazia ya dukani kwake Eastleigh. Nikampokea moja. Tulipofika ghorofa ya tatu akatua mzigo, akahema, akaniuliza, "Walaal, ndugu yangu, na wewe mzee amekujia?" Nikasema amenijia, eti kuna Msomali wa kutoa hamsini na tano. Mama wa watu alicheka mpaka akashika kitasa. Yeye ameambiwa kuna Msudan Kusini anayelipa kwa dola.

Tukatoa risiti. Vyumba ni vilevile, bomba la jikoni linavuja palepale, na yeye analipa elfu saba zaidi yangu. Mzee aliona hijabu siku ya kwanza akajua bei ya kutaja, na wakala akaikazia. Kisha anachukua ile bei aliyomkamua mama huyu, ananiletea mimi na kuniambia ndilo soko. Kwa hiyo kweli, Wasomali wamepandisha kodi South C: wameipandisha kwa kuilipa, na waliopandishiwa zaidi ni wao wenyewe.

Mtasema kuna sheria. Ipo, Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, na baraza lake lipo. Inamlinda mpangaji ambaye kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Hapa kwetu shilingi 2,500 hazijazi mtungi mkubwa wa gesi. Kama yuko mpangaji South C anayelindwa na sheria hiyo, nadhani anaishi kwenye kibanda cha yule mbwa mkali.

Basi mpangaji mwenzangu, wa hapa, wa Pangani au wa Eastleigh yenyewe: kabla hujatia saini mkataba mpya, bisha hodi mlango wa pili umuulize jirani analipa ngapi. Ukiona haya, sema wakala amekutuma.