Jinsi ya Kufungua Famasi Isiyo na Mfamasia

Umepokea kiinua mgongo, au umeuza kiwanja Kigamboni, na fedha zinakuwasha mfukoni. Kuku wanakufa kwa kideri. Daladala kila jioni inaleta hesabu pungufu na hadithi ndefu. Fungua duka la dawa, ndugu yangu, maana watu hawana mpango wa kuacha kuumwa. Biashara hii ina kero moja tu: serikali imeshikilia kwamba isimamiwe na mtu aliyeisomea. Soma taratibu, tuone namna ya kuikwepa kero hiyo.

Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 inataka kila famasi iwe chini ya mfamasia aliyesajiliwa na Baraza la Famasi. Huyo ni mtu aliyesoma miaka minne, tuseme pale Muhimbili, akaongeza mwaka mzima wa mafunzo kwa vitendo ndipo akasajiliwa. Atataka mshahara unaofanana na kisomo chake. Mbaya zaidi, ana tabia ya kukataa. Mteja amekuja na noti yake ya elfu kumi, ameinyoosha kabisa, yeye anamwambia akapime kwanza. Mtu wa namna hiyo asikae karibu na droo ya fedha.

Wewe unahitaji cheti chake tu. Tafuta mfamasia mwenye ajira yake kwingine, ikiwezekana mkoa mwingine kabisa, mkubaliane kiasi cha kumtumia kwa simu kila mwisho wa mwezi. Cheti kitie kwenye fremu nzuri yenye kioo, kitundike juu ya feni. Cheti hakiombi likizo, hakichelewi foleni ya Mbagala na hakimwambii mteja akapime. Baraza linaujua mchezo huu na limekuwa likiukemea, lakini kemeo lenyewe huja kwa barua, na barua nayo unaweza kuitia kwenye fremu.

Nyuma ya kaunta muweke mtoto wa shangazi. Mshonee koti jeupe. Kabla hajafunga kifungo cha tatu wateja watakuwa wameshaanza kumwita dokta. Mfundishe kusema "kimoja kutwa mara tatu" na "baada ya chakula". Akiulizwa swali lolote nje ya hayo, akune kidevu na kusema, "Hii ni kali, nikupe ile nyingine?"

Sasa tufike kwenye kiini cha biashara, yaani mkasi. Atakuja dada mmoja aseme, "Dokta, nina UTI." Nani amempima? Hakuna aliyempima, jirani yake alikuwa na UTI wiki iliyopita na dalili zimefanana. Sipro ni dawa ya cheti, inapaswa kutoka kwa karatasi ya daktari, na dozi ni lazima itimie. Lakini dada ana buku tu. Kata vidonge vinne, mfungie kwenye kikaratasi, mtakie heri. Ukikata, anzia upande ule ulioandikwa tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo, ili vinavyobaki visiwe na umri wala ukoo. Vidonge hivyo vinne vitaua bakteria dhaifu na kuwaacha wenye nguvu wazaliane kwa nafasi. Baada ya majuma mawili dada atarudi, na safari hii atahitaji kitu cha bei juu zaidi. Ndiyo uzuri wa usugu wa dawa: unamlea mteja. Tanzania tuliiacha klorokwini mwaka 2001 kwa sababu vimelea vya malaria vilikuwa vimeizoea, tukaingia kwenye SP, na kufika 2006 tukawa tumeiacha hiyo nayo kama dawa ya kwanza, tukashika dawa mseto. Kila hatua dawa iliyofuata ilikuwa ghali kuliko iliyotangulia. Mfanyabiashara anayeona mbali hukata vidonge kwa moyo mweupe.

Kuhusu mzigo, utaratibu unasema ununue kwa muuzaji wa jumla mwenye kibali, upewe ankara, na kila dawa iwe imesajiliwa na mamlaka ya dawa na vifaa tiba, TMDA. Yupo pia kijana mwenye begi jeusi anayepita saa mbili usiku, na bei yake inashinda hata ya kiwandani. Usimuulize inawezekanaje. Ukiona vidonge vina alama ya GOT, yaani mali ya serikali, fahamu kwamba vilikuwa njiani kwenda zahanati ambako mama mmoja ataambiwa dawa zimeisha akanunue nje. Nje penyewe ni kwako. Na kama havina alama yoyote, usihofu: Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa moja kati ya kumi ni bandia au duni. Hakuna mkeka wa kubeti wenye matumaini ya namna hiyo.

Maboksi mengi ya dawa yameandikwa yahifadhiwe chini ya nyuzi 30. Aliyeandika hakuwahi kukaa chini ya bati Dar es Salaam mwezi wa pili. Insulini inataka nyuzi 2 hadi 8, basi iweke pamoja na soda. Umeme ukikatika siku nzima, soda mteja ataikataa kwa kuigusa tu. Insulini iliyoharibika kwa joto inaweza kubaki na sura ileile, na mgonjwa wa kisukari hana namna ya kuionja.

Wakaguzi nao wapo, na wanapofika huwa hawana mchezo. Ndiyo maana mnahitaji kundi la WhatsApp la wenye maduka. Ujumbe ukisomeka "wageni wako mtaa wa pili", shusha geti na bandika karatasi: TUMEFIWA. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa hajaelewa mpaka leo ni msiba gani ule uliopiga maduka yote tisa Jumanne moja saa nne asubuhi, ukaisha saa nane mchana.

Hapa niseme jambo bila mzaha. Nchi hii haikosi uwezo. Mwaka 2018 TFDA, kama TMDA ilivyoitwa kabla ya 2019, ilikuwa mamlaka ya kwanza Afrika kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kufikia ngazi ya tatu ya udhibiti wa dawa. Na mwaka 2003, huko Ruvuma, ulianza mpango ninaouheshimu mpaka leo. Maduka ya dawa baridi yalikuwa yakiuza antibiotiki kinyume cha sheria kwa sababu vijijini hapakuwa na pengine pa kuzipata. Badala ya kushusha makufuli tu, wahusika waliwafundisha wauzaji kwa wiki kadhaa, wakawapa orodha fupi ya dawa za cheti wanazoruhusiwa, wakaweka daftari na ukaguzi, na duka likaitwa Duka la Dawa Muhimu. Mpango ulienea Tanzania Bara nzima. Ulifanikiwa pale ulipomtazama mtu anayekabidhi dawa, na unalegea pale tunaporudi kutazama karatasi ukutani. Boksi la dawa tunalilinda vizuri kuanzia bandarini hadi maabara. Likifika kaunta tunamwachia mtoto wa shangazi.

Tuendelee na biashara. Hatari iliyobaki ni ndogo: mteja mmoja mwenye kiherehere. Si mkaguzi huyo, maana mkaguzi ana ratiba na ratiba huvuja. Ni bibi mwenye presha, mwenye miwani, anayesoma kila kilichoandikwa na asiyeondoka bila jibu. Akianza maswali, mwambie mfamasia ametoka kidogo.

Msomaji usiye na duka, leo jioni ukiingia famasi, soma jina lililo kwenye cheti ukutani, kisha omba kuzungumza na mwenye jina hilo. Ukiambiwa ametoka kidogo, rudi kesho. Akiwa bado hajarudi, nenda kanunue kwingine, na ulipeleke jina la duka hilo kwa Baraza la Famasi.