Bingwa wa Mipangilio

Gemu mpya imeshapakuliwa. Mwenyewe kakaa kitako, pedi mkononi. Acheze? Thubutu! Kwanza aingie kwenye mipangilio.

Huanza na mwanga: skrini inamtaka asogeze kitelezi mpaka nembo ionekane kwa mbali. Anasogeza, anafumba jicho moja, anainuka kufunga pazia, anarudi kuanza upya. Kisha anazima ule ukungu wa picha ikienda kasi, maana kila ajionaye mjuzi huuzima, hata kama hajui unafanya nini.

Gemu ya The Last of Us Part II ya mwaka 2020 ilikuja na mipangilio zaidi ya 60 ya kuwasaidia wachezaji wenye ulemavu, wakiwemo wasioona. Kazi ya heshima kabisa. Bwana huyu, mwenye macho mawili mazima, kaipitia yote kama anayechambua mchele wa harusi.

Chai imeshapoa.

Duka la gemu la Steam humrudishia mteja fedha zake akiomba ndani ya siku 14, mradi hajacheza kufikia saa 2. Saa hizo huanza kuhesabiwa gemu inapofunguliwa, mtu awe anapigana na zimwi au na kitelezi cha mwanga.